Risala ya Klabu ya Anga kwa Mgeni Rasmi, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu nyumbani, dada yetu. Ulisoma sekondari mkoani humu, ukachukua tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), ukasomea fizikia chuo kikuu, kisha ukaenda ng'ambo kutafiti chanzo cha ulimwengu. Shahada zako hatutazitaja moja moja. Linalotugusa ni kwamba kila likizo unapanda basi na darubini mapajani, unaitega uwanjani kwetu na kutufundisha kwa Kiswahili.

Hatujausahau usiku ule wa Julai. Uliwauliza wazazi kama wanazikumbuka chenga za runinga za zamani, wakacheka. Ndipo ukatuambia kuwa sehemu ndogo ya chenga zile, kama asilimia 1, ni mnururisho, yaani nishati inayosafiri kama mwanga, ulioanza safari ulimwengu ukiwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Leo ulimwengu una miaka bilioni 13.8. Ukatusimulia jinsi Arno Penzias na Robert Wilson, huko Marekani mwaka 1964, walivyosumbuliwa na mvumo usiokoma katika antena yao. Waliwafukuza njiwa waliojenga kiota humo, wakasugua kinyesi chao, mvumo ukabaki palepale. Kumbe ulikuwa mnururisho uleule. Mwaka 1978 mvumo huo ukawapatia Tuzo ya Nobel. Tangu usiku ule, jibu lisilotarajiwa likitokea maabara hatulifuti. Tunaliandika kwanza.

Novemba ulipokuja tena, babu wa mwenzetu mmoja alisimama akaonyesha Kilimia, kile kikundi cha nyota, kikichomoza mashariki, akasema kwao hiyo ndiyo ishara ya kuandaa shamba. Hukumkatiza. Ulimwomba aeleze yote anayoyajua, ndipo ukaongeza kuwa mwanga ule uliondoka huko takriban miaka 440 iliyopita, enzi za Wareno katika pwani yetu. Mzee alikaa kimya, kisha akaomba kuchungulia darubini kwa mara ya pili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baadhi yetu wasichana tuliwahi kuambiwa fizikia tuwaachie kaka zetu. Maneno yale yalituuma. Mwaka huu wawili wetu wamechagua PCM, na wanasema waziwazi ni kwa sababu yako.

Changamoto zetu ni mbili. Ukiondoka, darubini inaondoka nawe. Na vitabu vya anga tulivyonavyo ni vya Kiingereza. Wadogo zetu wa kidato cha kwanza wanakariri wasichokielewa.

Tunaomba utusaidie kupata darubini moja, hata ndogo. Tunaomba pia utuongoze kuandika kijitabu cha Kiswahili kuhusu anga ya Dodoma. Wazee wa kuwauliza majina ya nyota tumeshaanza kuwatembelea. Na urudi Agosti, kiangazi, mawingu yakiwa machache na kitovu cha Njia ya Maziwa, ule ukanda wa nyota, kikiwa juu angani jioni. Uwanja tutaufagia, na taa za mabweni Mkuu wa Shule ameridhia zizimwe.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Anga