Mafunzo kazini yasitoke mfukoni mwa mwalimu

Mhariri,

Nafundisha darasa la 3 mkoani Lindi. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, yamenisaidia kweli. Juzi tulikaa walimu 6 kwenye madawati ya watoto tukijadili hesabu za kutoa kwa kuchukua. Mwenzangu akamwaga vizibo vya soda mezani, akavifunga kumi kumi. Hapo ndipo nikaona nilipokuwa nawapoteza wanafunzi wangu.

Ila moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania ziko mtandaoni, na bando tunajinunulia. Kituo cha Walimu kiko mbali, nauli ya bodaboda juu yetu. Naziomba halmashauri zitenge fungu la bando na nauli kwenye bajeti ijayo, hata kama ni dogo.

Mwalimu,
Lindi