Kuhusu ile kazi ya simu

Kondele, Kisumu
Jumapili jioni

Ndugu yangu,

Salamu kwa mama watoto. Barua yako nimeipata. Kumbe mwenye nyumba ameapa kutia kufuli mwisho wa mwezi, na ile ofisi ya mikopo ya simu hapo Nakuru inakutaka Jumatatu. Kazi yenyewe umeieleza bila kuficha: mtu akichelewa kulipa unampigia, asiposhika unawapigia waliomo kwenye simu yake, mama mkwe, mwajiri, hata mwenyekiti wa chama, mpaka aibu imtoe pesa.

Unaniuliza kama shida inahalalisha. Sitakuhubiria. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nami leo nimekula.

Ila kuna jambo sikuwahi kukuambia. Mwaka jana ulipokopa za karo ukachelewa, walinipigia mimi. Kijana alianza kwa adabu, kisha akaniuliza najisikiaje kuwa na rafiki mwizi. Nilimtukana, Mungu anisamehe. Bila shaka naye alikuwa na kodi ya kulipa. Hilo namwelewa nalo, lakini halikulifanya lile neno kuwa jepesi. Na watu utakaowapigia ndio hao hao: mama mboga, mwenye boda iliyokufa injini, wewe wa mwaka jana. Mshahara wako utatoka kwenye fedheha yao.

Tena kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kumtukana mdaiwa au kuwatumia watu walio kwenye simu yake ili kumwaibisha. Wenye ofisi wanalijua hilo, ndiyo maana sauti itakayosikika itakuwa yako, si yao.

Kumdai aliyekopa si dhambi. Deni ni deni. Waulize kabla ya Jumatatu kama utampigia yeye peke yake. Wakikubali kwa maandishi, nenda, na atakayekusema aje kwangu. Na kama watoto wangekuwa wanalala nje leo, ningekwambia uingie tu, utoke mshahara wa kwanza ukilipwa. Hamjafika hapo.

Nusu ya kodi nitakutumia kwa M-Pesa Ijumaa. Mwenye nyumba mpe hiyo, umwombe wiki mbili. Usipoteze muda kunishukuru. Nijibu yule wa hadwea alisema nini kuhusu kazi ya stoo.

Wako,
Baba Pendo