Siku bila nyama: hesabuni milo na gramu

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu ya barua. Shauri la kupumzika nyama siku moja kwa wiki limeandikwa mara nyingi, pamoja na takwimu za wanaokaa bila nyama, na hatulipingi. Tunachogombana nacho ni kipimo. Mla nyama akiulizwa hukaa bila nyama mara ngapi, hujibu kwa siku: "moja kwa wiki", "mbili", "mara chache". Jibu la namna hiyo halielezi anakula nyama kiasi gani.

Chukua mtu anayekula gramu 150 za nyama iliyopikwa kila siku. Kwa wiki ni gramu 1,050. Anaiacha Jumatatu, lakini siku sita zinazobaki anajiongezea kipande kimoja kidogo, sahani inafika gramu 175. Sita mara 175 ni 1,050. Wiki imefungwa palepale ilipokuwa, na yeye anahesabu kwamba amepunguza. Jirani yake anakula gramu 60 kila siku bila kuruka hata moja. Huyu atajibu kwamba hakai bila nyama kamwe, kumbe kwa wiki amekula gramu 420 tu.

Desturi ya kuhesabu siku ina asili yake. Marekani ilipoingia katika Vita ya Kwanza ya Dunia mwaka 1917, idara ya chakula iliyoongozwa na Herbert Hoover iliwahimiza wananchi wasile nyama Jumanne, ili akiba ipelekwe kwa majeshi na washirika wa ng'ambo. Kwa lengo hilo siku ilifaa: ni rahisi kuitangaza na kila mtu anaikumbuka. Mwaka 2003 Sid Lerner, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi ya matangazo ya biashara, akaifufua kama Jumatatu bila nyama, safari hii kwa ajili ya afya, akishirikiana na chuo cha afya ya umma cha Johns Hopkins. Lengo lilibadilika, kipimo kikabaki kilekile.

Kwa afya, kipimo kinachotumika ni uzito wa wiki. World Cancer Research Fund, shirika la hisani la utafiti wa saratani, inashauri anayekula nyama nyekundu asizidi milo mitatu kwa wiki, yaani gramu 350 hadi 500 zikiwa zimepikwa, na nyama za kusindika, kama soseji, ale kidogo mno au aziache. Nyama hupoteza takribani robo hadi theluthi ya uzito wake jikoni, kwa hiyo gramu 500 zilizopikwa ni kama gramu 700 hadi 750 mbichi bila mfupa. Wengi hukosea hapa: wanapima mbichi buchani, wanalinganisha na kiwango cha iliyopikwa.

Kabla ya kupima, neno lenyewe lina mtego. Muulize mtu kama jana alikula nyama, atakujibu, "Hapana, nilikula kuku." Maini je? Utumbo? Soseji mbili za asubuhi? Mchuzi uliochemshiwa mfupa, nyama ikatolewa akapewa mwingine? Kila mtu anachora mpaka wake, ndiyo maana watu wawili wenye ulaji uleule hutoa majibu mawili tofauti. Mpaka uchorwe kwanza kufuatana na sababu. Anayepunguza kwa hofu ya saratani ya utumbo mpana ahesabu ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, na aziandike nyama za kusindika kwenye safu ya peke yake. Kuku na samaki hawamo katika hesabu hiyo. Anayepunguza kwa sababu ya mazingira ajue kwamba ng'ombe na kondoo huyaelemea mazingira kuliko kuku, na kwamba kujaza pengo kwa jibini nyingi hakumfikishi mbali. Anayetaka kuacha wanyama kabisa ahesabu vyote.

Tumezitenga nyama za kusindika kwa sababu. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliziweka katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Nyama nyekundu ikawekwa kundi la 2A, la vinavyoelekea kusababisha. Makadirio yao ni kwamba kila gramu 50 za nyama za kusindika zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takribani asilimia 18. Hiyo ni asilimia 18 ya hatari uliyokuwa nayo. Haina maana kwamba watu 18 katika 100 wataugua. Na makundi hayo yanaeleza ushahidi una uhakika kiasi gani, hayasemi soseji ni hatari sawa na sigara. Hata hivyo, mtu mwenye "siku tatu bila nyama" anayekula soseji siku nne zilizobaki anajipongeza mapema.

Namna ya kupima ni hii. Daftari la siku saba mfululizo, zikiwemo za mapumziko ya wiki, maana sahani ya Jumapili haifanani na ya Jumatano. Kila mlo uandikwe palepale. Ukingoja usiku, vitafunwa na kile kipande ulichoonja jikoni vinasahaulika. Safu nne zinatosha: mlo, aina ya nyama, kiasi, iliyosindikwa au la. Asiye na mizani atumie kiganja: kipande cha ukubwa na unene wa kiganja cha mtu mzima, bila vidole, ni gramu 85 hadi 100 zilizopikwa.

Sufuria ya familia inahitaji hesabu moja zaidi. Mmenunua kilo 1.2 yenye mifupa. Mkishakula, pimeni mifupa. Tuseme imebaki gramu 300. Nyama mbichi ilikuwa kama gramu 900, na ilipopikwa ikabaki karibu 630. Walaji wanne, milo miwili: karibu gramu 79 kwa kila mtu kwa mlo. Baba akichota mara mbili, hesabu iandikwe hivyo, wastani usimfiche. Wiki ya kwanza ya daftari pia isiaminiwe sana, kwa kuwa mtu anayejiandika hujirekebisha bila kujijua. Rudieni baada ya mwezi.

Daftari likishasema ukweli, chagua mlo wa kuondoa. Kuna kishawishi cha kuanza na ule wenye nyama kidogo, kwa kuwa hauumi. Lakini kuondoa milo mitatu ya gramu 150 kunapunguza gramu 450 kwa wiki, na kuondoa mitatu ya gramu 40 kunapunguza 120. Sisi tungeanza na soseji hata kama ni chache, halafu milo mikubwa miwili.

Sasa kinachoingia badala yake, maana hapo ndipo wengi hurudi nyuma wiki ya tatu. Kosa la kwanza ni kuondoa nyama na kuongeza wanga tu. Kosa la pili ni kudhani kabichi au uyoga unashika nafasi yake: gramu 100 za uyoga mbichi zina protini kama gramu 3, wakati nyama iliyopikwa ina 25 au zaidi. Mtu mzima anahitaji takribani gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 60 anahitaji 50 kwa siku. Bila nyama zinapatikana hivi: mayai mawili 12, gramu 200 za maharage yaliyopikwa 17, glasi ya maziwa 8, konzi ya karanga ya gramu 30 kama 7, na nafaka za siku nzima zinajazia. Jamii ya kunde, yakiwemo maharage, ina upungufu wa kijenzi kimoja cha protini, nafaka zina upungufu wa kingine, vinakamilishana. Si lazima viwe sahani moja, siku moja inatosha.

Madini ya chuma yana hila zaidi. Kwenye karatasi dengu (zile ndogo bapa, kwa Kiingereza lentils) zilizopikwa, miligramu 3.3 kwa gramu 100, huishinda nyama ya ng'ombe. Tumboni mambo ni mengine, kwa kuwa chuma cha mimea hufyonzwa kidogo kuliko kile cha damu na misuli. Chakula chenye vitamini C kiliwe katika mlo uleule: ndimu, chungwa, pilipili hoho mbichi, nyanya. Chai na kahawa zisogezwe angalau saa moja mbali na mlo, kwa sababu huzuia sehemu kubwa ya chuma hicho. Mtu anayeacha nyama na kusindikiza maharage kwa chai nzito anapoteza mara mbili. Ila zingatio hili ni la wanaokaa bila nyama mara nyingi. Mlo mmoja au miwili bila nyama kwa wiki haimfanyi mtu mzima mwenye afya aishiwe damu. Vitamini B12 vivyo hivyo: ini huhifadhi ya miaka, mapumziko ya siku mbili hayaigusi. Anayeacha vyote vya wanyama kwa miezi ndiye anayehitaji vidonge, na anayetumia metformin kwa kisukari apimwe B12 kabla ya kupunguza sana, kwa kuwa dawa hiyo yenyewe huweza kuishusha.

Maharage ndiyo yanayovunja moyo jikoni, basi tukae nayo kidogo. Gramu 100 kavu hutoa kama 240 zilizoiva. Yalowekwe saa 8 hadi 12 katika maji mengi yenye chumvi, gramu 15 kwa lita, yaani vijiko vya chai viwili na nusu. Wanaosema chumvi inayafanya yawe magumu wameshika lililo kinyume: sodiamu iliyomo kwenye chumvi hushika nafasi ya kalisi (kalsiamu) kwenye ganda na ganda linalainika. Kinachoyafanya magumu ni maji yenye kalisi nyingi, umri wa maharage, na uchachu ukiingia mapema. Nyanya, ndimu na ukwaju visubiri mpaka punje iminywe kwa vidole na kupondeka. Magadi huyalainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1 na yakizidi huacha ladha ya sabuni.

Maji ya kulowekea yamwagwe. Yanaondoka na sehemu ya zile sukari zinazoleta gesi. Kisha maharage yachemke kwa nguvu, mapovu yakipanda, si chini ya dakika 10, na 30 ni salama zaidi, ndipo moto upunguzwe. Hili ni la lazima kwa maharage mekundu. Yana sumu ya asili ambayo joto la chini haliiui, na punje nne au tano mbichi zinatosha kumfanya mtu atapike ndani ya saa chache. Sufuria za umeme zinazopika polepole huenda zisifike joto hilo, kwa hiyo yachemshwe kwanza jikoni. Dengu zimepona adha hizo, hazihitaji kulowekwa na huiva dakika 20 hadi 30. Anayeanza aanze nazo. Tumbo nalo lipewe muda: nusu kikombe mara mbili kwa wiki, kisha liongezewe taratibu kwa wiki tatu au nne.

Malalamiko ya kwamba chakula kimepooza yana ukweli. Nyama huleta mafuta, chumvi na ule ukahawia wa kuungua kidogo, na vyote vitatu huondoka pamoja nayo. Virudishwe kwa makusudi. Kitunguu kikaangwe moto mdogo dakika 15 hadi 20 mpaka kigeuke rangi, si kulainika tu. Nyanya ya kopo ikaangwe ndani ya mafuta mpaka iwe nyekundu ya kiza. Kijiko cha mafuta kiongezwe mwishoni, ndimu iwe ya mwisho kabisa.

Familia isiyokubali sahani tupu inaweza kuchanganya. Nusu kilo ya nyama ya kusaga igeuzwe kuwa gramu 250 za nyama na 250 za dengu zilizopikwa. Dengu zichujwe vizuri zikauke, theluthi yake ipondwe ishike nyingine, yai moja liongezwe, mchanganyiko ukae mahali pa baridi nusu saa kabla ya kufinyanga madonge ya kukaanga. Dengu zikiwa na maji, madonge yatameguka kwenye mafuta. Kwa hesabu yetu huu ni mlo wa nyama, lakini wenye nusu ya gramu za kawaida. Mwenye kuhesabu siku hapati chochote hapa, anayehesabu gramu anapata.

Watoto wa miezi 6 hadi 23 wasiingizwe kwenye mashindano haya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unataka wapate chakula cha wanyama, yaani nyama, samaki au yai, kila siku. Familia ikipumzika nyama, mtoto apewe yai au samaki. Wajawazito na wenye upungufu wa damu wazungumze kwanza na kliniki, na wagonjwa wa figo wasijipangie maharage mengi bila ushauri.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti likichapa tena takwimu za wanaokaa bila nyama, lichape na swali walioulizwa, neno kwa neno. Sisi tungeuliza hivi: "Katika siku saba zilizopita, ulikula milo mingapi yenye nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe, pamoja na maini, utumbo na nyama za kusindika, na kwa kila mlo, kiasi chake kilikuwa viganja vingapi?"

Maofisa lishe wawili, wasomaji wako