Vita vya Mchanga: tatizo lilikuwa mpaka ambao haukuchorwa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vita vya Moroko na Aljeria vya 1963 imetupia lawama zote chuma cha Gara Djebilet, machimbo yaliyo karibu na Tindouf, kusini-magharibi mwa Aljeria. Chuma kilikuwepo, lakini kidonda ni cha zamani zaidi. Katika mkataba wa Lalla Maghnia wa 1845, Ufaransa, iliyokuwa ikiitawala Aljeria, na Moroko walichora mpaka kuanzia Mediterania hadi Teniet es-Sassi, kilometa kama 165, basi. Kusini ya hapo walisema ardhi isiyolimwa haihitaji mpaka, wakataja tu makabila na vijiji vya upande huu na ule. Kabila lenyewe linahama na ngamia wake. Jiwe la mpaka utalisimika wapi?

Julai 1961 Ferhat Abbas, kiongozi wa serikali ya muda ya wapigania uhuru wa Aljeria, alimwahidi Mfalme Hassan II wa Moroko kwamba suala hilo litazungumzwa baada ya uhuru. Uhuru ulipokuja, Julai 1962, akashika nchi Ben Bella, na ahadi ikafa.

Oktoba 1963 mapigano yakawaka Hassi Beida na Tindjoub. "Hassi" ni kisima, na vituo hivyo viko kwenye njia ya Béchar kwenda Tindouf: mwenye maji ndiye anayeamua nani apite. Waaljeria walivichukua tarehe 8, Wamoroko wakavirudisha tarehe 14. Wamoroko walikuwa na silaha nzito. Waaljeria walikuwa wametoka tu kwenye vita vya kuvizia dhidi ya Wafaransa, hivyo wakahamishia mapigano Ich, karibu na Figuig, mbali kaskazini-mashariki. Kuba nayo ikashusha vifaru bandari ya Oran kuwasaidia Waaljeria. Haile Selassie wa Ethiopia na Modibo Keita wa Mali wakawapatanisha Bamako tarehe 30, ingawa bunduki hazikunyamaza kabisa hadi Februari 1964. Mpaka wenyewe ulikubaliwa 1972.

Kwetu huku Mbeya jambo hili si la mbali. Julai 1964, jijini Cairo, Mwalimu Nyerere ndiye aliyependekeza OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Malawi ilikuwa na uhuru wa wiki mbili tu, na leo inatumia hoja hiyohiyo kudai Ziwa Nyasa hadi ufukweni kwetu, kwa mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890. Ongeza Mto Songwe, mpaka wetu na Malawi, unaohama mkondo mvua zikizidi na kuacha shamba la mtu wa Kyela ng'ambo ya pili.

Mkirudia makala hiyo, chapeni na ramani, na mstari wa 1845 uishie palepale Teniet es-Sassi.

Msomaji wenu,
Mbeya