Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: shida iko kwenye bambo

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mi ni mkulima na mfanyabiashara mdogo wa mahindi hapa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, soko unalijua bila shaka maana ukitoka Morogoro kuja Dodoma unalipita pale pale barabarani. Sijaandika kulilia bei, bei tumeshaizoea ipande ishuke. Nimeandika kuhusu bambo, kile kibomba chenye ncha kinachochomwa kwenye gunia punje zikateremka mkononi, na kila kinachofuata baada ya hapo.

Mwaka jana nilipeleka gunia 280 kwenye ghala moja, sitalitaja na wala sina nia ya kumgombanisha mtu. Asubuhi kabla ya kupakia nilipima unyevu kwa mashine ya kuazima ikasoma asilimia 13.1, na kwa kuwa siamini sana mambo ya betri nikafanya na ile ya wazee, mahindi kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa kavu unatikisa, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa ujue bado mabichi. Haikuganda. Mwisho unaoruhusiwa ni 13.5, nikajua nipo salama.

Tumefika kule saa nane jua kali, kijana akaja na bambo fupi kama urefu wa kiganja na nusu. Hakupanda juu ya lori. Akachoma magunia sita ya pembeni, yale anayoyafikia akiwa amesimama chini, punje akawa anazimimina kwenye kofia yake. Kofia, Mheshimiwa! Ile ile aliyotoka nayo kichwani ina jasho. Akachota ngumi moja akaweka kwenye mashine ikasoma 14.6, ngumi nyingine ikasagwa kwenda kupimwa sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, kwa kile kikaratasi kinachofanana na kipimo cha malaria, jibu likaja 18 wakati mwisho ni 10. Mzigo umekataliwa. Nikaomba basi sampuli iliyobaki nikapime kwingine, nikaambiwa imeshamwagwa, na kweli nikaona kuku wanaidonoa pale nje.

Sasa naomba unisikilize vizuri maana watu wakisoma hapa watasema huyu analalamika kwa sababu mzigo wake ulikataliwa. Mi sisemi mahindi yangu yalikuwa safi. Nasema sijui, na yule kijana hajui, na wewe ukiletewa ripoti ya kwamba mahindi ya Kongwa yana sumukuvu hutajua pia.

Sumukuvu haikai kwenye gunia kama chumvi kwenye mchuzi. Inakaa kwa madoa madoa, gunia hili halina kitu na lile la pili lina kona moja iliyoloana ikapata ukungu. Kile kiwango cha 10 ni mikrogramu 10 kwa kilo, nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, lori la tani 30 zima sumu yote inayoruhusiwa humo ndani ni miligramu 300, yaani uzito wa punje moja ya mahindi. Punje moja kwenye lori! Halafu unaenda kuitafuta kwa kofia. Ukichota pembeni unaweza ukakosa kabisa lile doa ukapitisha sumu ikaenda kuliwa, au ukaangukia pale pale kwenye doa ukamfilisi mtu ambaye mzigo wake karibu wote hauna shida. Kile kikaratasi mi sina ugomvi nacho, kinapima alicholetewa.

Wenzetu Ulaya kwa lori la nafaka kama hilo sheria yao inataka wachote sehemu 100 tofauti, wakusanye kama kilo 10, ndio waanze kuongea habari ya kupima. Sisi gunia sita na ngumi moja. Na zile kilo 10 hazichotwi juu juu tena, zinasagwa zote au zinagawanywa kwa kigawanyo, lile boksi la bati lenye njia njia unamimina juu linatoka nusu kwa nusu. Hata kama boksi hakuna, turubai lipo, unamwaga fungu unalisambaza duara kama ugali wa sinia unaligawa robo nne, unatoa robo mbili zinazotazamana, zilizobaki unachanganya unarudia mpaka upate kiasi unachotaka. Hiyo haihitaji mkopo wa benki ya dunia. Na kusaga kusiwe ngumi, maana gramu 50 za punje nzima ni punje kama 150 tu kati ya karibu milioni 100 zilizoko kwenye lori.

Kuna na suala la mifuko. Sampuli ya unyevu iwekwe kwenye plastiki iliyofungwa isipigwe na hewa, ya sumukuvu iwekwe kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa, kwa sababu ukiifungia plastiki ikiwa na unyevu ukaiacha kwenye dashibodi ya gari siku mbili unaotesha ukungu mwingine humo humo njiani halafu unamlaumu mkulima.

Tunajua hii kitu inaua, usidhani tunaikataa. 2016 hapa kwa majirani zetu Chemba, Kondoa na Kiteto watu 20 walikufa kwa sumukuvu. Na Machi 2021 Kenya walipofunga mpaka kwa mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, walifungua baada ya siku chache lakini kwa masharti ya cheti, tangu hapo kila dalali anajua hilo neno sumukuvu na wengine wanalitumia kama fimbo ya kushusha bei. Unaambiwa mzigo una sumu, ukinyong'onyea anakuja mtu pembeni anakwambia mi nitauchukua hivyo hivyo kwa bei ya hasara. Ndivyo nilivyouza wa kwangu. Umeenda wapi sijui, kwenye kuku au kwenye uji wa watoto wa mtu.

Ninachoomba ni kidogo. Mabambo marefu yanayofika katikati ya gunia, na sampuli ichotwe wakati wa kushusha, gunia zinavyopita begani, maana hapo ndio hata la katikati unalifikia. Mashine za unyevu zikaguliwe kama mizani inavyokaguliwa kila mwaka na kupigwa chapa, kama mmeweza kupambana na lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kiasi, hili haliwashindi. Halafu sampuli ikishagawanywa zitoke pakiti tatu zimefungwa na kusainiwa, moja ya mnunuzi, moja ya muuzaji, moja ikae kwa mtu wa tatu ya kuamulia tukibishana. Hii ya pakiti tatu ukiniambia nichague moja tu naichagua hii. Nikikataliwa nikataliwe na karatasi mkononi na mahindi yangu mkononi.

Kuna gunia moja la mzigo ule lilibaki stoo kwangu, halikuenea kwenye lori. Mke wangu ameuliza mara mbili kama tulisage. Nimelishona mdomo kwa uzi wa bluu, hatujala wala kuku hawajala, na hatujalitupa. Mtu wako akija na bambo refu nitamfungulia.

Wako,
Mkulima wa Kibaigwa