Barua ya wazi kwa wanangu wa mpira wa vinyoya (badminton) mnaotaka kuacha

Wanangu,

Nimeambiwa kwamba tangu mliporudi kutoka mashindanoni, wanne kati yenu hamjakanyaga ukumbini, na mmoja amekwisha kuuza raketi yake. Ningekuja majumbani kwenu, lakini goti langu halinipi ruhusa ya kupanda ngazi nyingi. Tena nataka mwisome barua hii mkiwa pamoja, kama mlivyoshindwa pamoja.

Mnamjua Lee Chong Wei wa Malaysia. Mechi zake mmezitazama kwenye simu mpaka bando likakatika, mkijifunza namna anavyoruka na kutua. Leo naomba muiache miguu yake, mtazame miaka yake.

Alizaliwa 1982 Bagan Serai, mji mdogo wa jimbo la Perak, akakulia Bukit Mertajam. Utotoni alipenda mpira wa kikapu. Mama yake akamkataza kwa sababu ya jua kali, na baba yake, aliyekuwa na mapenzi na vinyoya, akawa anamchukua kwenda naye ukumbini. Alipofika miaka 17 kocha Misbun Sidek akamuona, akamwita timu ya taifa.

Mwaka 2006, fainali ya Malaysia Open mjini Kuching, alikutana na Lin Dan wa China. Seti ya tatu ikafika 20 kwa 13, Lin Dan anaongoza. Hebu simameni hapo. Mwenzako anahitaji pointi moja tu. Ukikosea mara moja, kinyoya kikigusa wavu mara moja, mmekwenda kupeana mikono. Lee akachukua pointi saba mfululizo, maana hakuwa na nafasi ya kupoteza hata moja, kisha akashinda 23 kwa 21. Nimewahi kuwaambia kwamba mechi haiishi mpaka mwamuzi aseme, mkacheka mkidhani ni maneno ya wazee.

Lakini si ushindi ule uliofanya niwaandikie. Nawaandikia kwa ajili ya Beijing. Tarehe 17 Agosti 2008, fainali ya Olimpiki, Lin Dan alimfunga 21-12, 21-8. Seti ya pili alipata pointi nane, mbele ya dunia nzima! Ninyi mnaona haya kutoka nje kwa kufungwa mbele ya watu mia moja na kidogo. Siku nne baada ya fainali ile, orodha ya ubora wa dunia ilipotoka, jina lake lilikuwa la kwanza, na likakaa hapo wiki 199 bila kushuka, hadi Juni 2012.

Ikaja London 2012. Mwezi Mei mwaka huo aliumia kifundo cha mguu kwenye Thomas Cup, mashindano ya dunia ya timu za wanaume, na wengi wakasema hatafika. Akafika, akaingia fainali, Lin Dan yuleyule, akachukua seti ya kwanza. Ya tatu akapoteza 21 kwa 19. Alilia, akawaomba radhi Wamalaysia. Sitawadanganya kwamba kushindwa ni kutamu. Yule alikuwa bora kuliko nyote na iliuma.

Rio 2016 alimtoa Lin Dan nusu fainali, 22 kwa 20 katika seti ya tatu, kisha Chen Long, naye wa China, akamshinda fainali. Medali ya fedha ya tatu. Dhahabu ya Olimpiki hakuipata, na nchi yake haijaipata hadi Paris 2024. Yeye aliendelea: mwaka uliofuata akachukua All England, mashindano makongwe ya Uingereza, kwa mara ya nne, na 2018 akachukua Malaysia Open ya kumi na mbili, akimshinda Kento Momota wa Japani aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka kumi na miwili.

Jambo moja nalisema kwa haraka lakini mlishike. Mwaka 2014 alipimwa akakutwa na deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe. Jopo lililosikiliza kesi yake liliamini hakukusudia kudanganya, hata hivyo alifungiwa miezi minane na medali yake ya fedha ya mashindano ya dunia ya mwaka ule ikaondoka. Basi vidonge vya kupeana kwenye mabegi, koma. Mtu akiumia aniambie, tutakwenda kwa daktari.

Kilichomtoa uwanjani ni ugonjwa. Mwezi huohuo wa ushindi wake wa 2018 aligundulika na saratani ya pua. Alitibiwa Taiwan, akapona, akarudi mazoezini akiwa na hamu ya Olimpiki nyingine. Madaktari wakamshauri asirudie kazi nzito. Tarehe 13 Juni 2019 alitangaza kustaafu, huku machozi yakimtoka, akiwa na miaka 36.

Sasa niwaeleze nilichokificha. Mimi niliacha nikiwa na miaka 24. Huwa nasema ni goti, na ninyi mmeamini kwa kuwa mnaniona nachechemea. Goti lilianza kuniuma zaidi ya miaka kumi baadaye. Nilipoteza fainali, seti ya tatu, kwa kuanzisha kinyoya kikaishia wavuni. Nikaona haya kuwatazama waliokuja kunishangilia. Nikaweka raketi juu ya kabati, na hakuna mzee aliyekuja kuniuliza. Miaka ile nilikuwa na mapafu, nilikuwa na miguu, nilikuwa na kila kitu mlicho nacho ninyi, nikaipoteza kwa aibu ya jioni moja. Bado inaniuma kuliko goti.

Mkiniambia mtihani umekaribia, au kazi imepatikana, au mwili umekataa, nitawaaga kwa moyo mweupe. Kwa kufungwa kule, siwaagi.

Jumamosi ukumbi utafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Wewe uliyeuza raketi, njoo mikono mitupu. Ile yangu ya juu ya kabati nimeifuta vumbi na imefungwa nyuzi mpya.

Kocha wenu