Barua ya malalamiko: Mlituondoa ufukweni kabla ya siku yetu kwisha

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Safari na Mapumziko.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUPOTEZEWA SIKU YA MWISHO YA MAPUMZIKO NA KUSUMBULIWA KWA UJUMBE WA KUONDOKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi na mume wangu tulinunua kwenu kifurushi cha mapumziko ya ufukweni kilichojumuisha nauli ya ndege ya kwenda na kurudi, chumba kinachotazama bahari, na basi la kutupeleka na kuturudisha kati ya uwanja wa ndege na hoteli. Chumba kilikuwa safi, wahudumu wa hoteli walitupokea kwa heshima, na bahari yenyewe hatuna la kuilaumu. Ninacholalamikia ni kazi ya ofisi yenu: namna mlivyotuandama na habari za kuondoka tangu katikati ya mapumziko, na namna mlivyolisogeza basi la kurudi kutoka alasiri hadi alfajiri bila kutuuliza, ilhali ndege yetu haikubadilishiwa saa hata kidogo.

Ili mnielewe, inanibidi niseme kwa ufupi tunavyoishi. Mume wangu anafanya kazi zamu ya usiku na mimi nafanya kazi mchana, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka tunakaa nyumba moja kwa kupokezana kama walinzi lindoni. Yeye anapoingia mimi natafuta funguo nitoke, na maneno tunayowahi kuambiana ni ya bili, ya bomba linalovuja, na ya nani atapitia dukani. Likizo zetu zilikutana kwa shida, baada ya yeye kubadilishana zamu na wenzake na mimi kuahirisha likizo yangu mara kadhaa. Tulichokwenda kukitafuta ufukweni ni saa za kuwa macho kwa wakati mmoja, na siku za mwanzo tulizipata. Alianza kulala usiku na kuamka asubuhi. Alianza kunisimulia mambo.

Ujumbe wenu wa kwanza uliingia tukiwa tumekaa mchangani, maji yanatufikia vifundoni, naye akiwa katikati ya kunieleza jambo la kazini alilokuwa amelibeba peke yake kwa muda mrefu. Simu ilitetemeka juu ya taulo. Akaichukua, akasoma kwamba safari yetu ya kurudi inakaribia na tunatakiwa kuthibitisha kama tuko tayari, akaifunika kwa kofia yake, akatazama maji. Ile habari hakuimalizia. Baadaye jioni nilimwomba aendelee, akasema si kitu.

Tangu siku hiyo hamkutupa nafasi. Kila asubuhi ulikuja ujumbe mwingine: tukumbuke uzito wa mizigo, tukague hati zetu, tujaze dodoso la kueleza jinsi tulivyoyaona mapumziko ambayo bado tulikuwa ndani yake, tuwahi punguzo la safari ijayo. Programu yenu ya simu ina kisanduku juu kabisa ya ukurasa kinachohesabu siku, saa na dakika zilizobaki kabla ya kuondoka, na nilitafuta kila mahali pa kukizima nisipapate. Kutoifungua programu hiyo hatukuweza, kwa sababu humo ndimo mlimoweka kuponi zetu za chakula cha jioni. Kwa hiyo kila tulipotaka kula, ilitubidi kwanza tusome zimebaki saa ngapi.

Sidai kwamba hofu ya kurudi nyumbani mliiumba ninyi. Hofu hiyo ni yetu, tulikwenda nayo, na nadhani kila aliyewahi kupumzika mahali pazuri anaijua. Lakini kwa kawaida huja kwa wakati wake, jioni ya mwisho, begi linapotolewa juu ya kabati na mtu akaanza kukunja nguo ambazo bado zina chumvi. Ikija hapo mtu huweza kuivumilia, hata kuiheshimu, maana ni dalili kwamba alikuwa na raha. Ninyi mliileta mapema, mkaiweka mezani, mkaifanya mgeni wa tatu. Mume wangu alirudia kuamka usiku wa manane, saa ambazo huwa yuko kazini, akaanza kuhesabu: bado asubuhi kadhaa, kisha zamu, akitua jioni atalala saa ngapi kabla ya kuripoti. Usiku mmoja aliniambia gizani, “Hawa wameshatusafirisha. Yaliyobaki hapa ni mabegi tu.” Nilikosa la kumjibu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kufikiria barua pepe zinazonisubiri.

Sasa niingie kwenye jambo la basi, ambalo ndilo kiini cha madai yangu. Mkataba wenu unasema kwamba siku ya kuondoka mteja hurudisha chumba saa sita mchana, lakini anaruhusiwa kutumia ufukwe na mabafu ya wageni hadi basi litakapofika, na basi letu lilipangwa saa tisa alasiri. Tulikuwa na mpango mahususi wa siku ile. Mbele ya hoteli kuna fungu la mchanga ambalo huonekana lote wakati wa bamvua tu, maji yanapokupwa sana. Kama mjuavyo ninyi mnaouza bahari, bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani takribani kila baada ya wiki mbili, na maji hukupwa kwa kuchelewa kama dakika 50 kila siku kuliko siku iliyotangulia. Mume wangu alikuwa amelisoma jedwali la maji lililobandikwa ukutani mapokezi, akaona kwamba siku ya mwisho maji yangekupwa kuliko siku zote za kukaa kwetu, tena kabla ya adhuhuri, tukiwa na muda wa kutosha wa kutembea hadi kwenye fungu, kukaa, na kurudi taratibu. Lilikuwa jambo pekee alilolipanga yeye mwenyewe. Kwa miaka mingi sijamwona akipanga kitu kisichohusu kazi.

Tukiwa na jedwali hilo mkononi, ujumbe wenu ukaja: basi litaondoka saa kumi na moja alfajiri. Niliuliza kwenye meza yenu pale hotelini kama ndege imebadilishwa, nikajibiwa kwamba haikubadilishwa, ila tumeunganishwa na kundi jingine ambalo ndege yao inaruka asubuhi. Niliomba tubaki na tujitafutie usafiri wetu wenyewe mchana. Nikaambiwa haiwezekani, kwa kuwa ofisi yenu ilikwisha kuijulisha hoteli kwamba haki yetu ya kuwa pale inakoma basi linapoondoka. Nilipouliza kuhusu siku iliyotangulia, ambayo maji yangekupwa karibu sawa na ya siku ya mwisho, nikakumbushwa kwamba asubuhi hiyo, saa zilezile, kuna kikao cha lazima cha maelekezo ya kuondoka. Tulikaa kwenye kikao hicho ukumbini, mapazia yamefungwa ili picha zionekane ukutani, tukielezwa namna ya kufunga lebo kwenye begi.

Alfajiri ya kuondoka, kijana wa mapokezi alitukata mikanda ya mkononi kwa mkasi huku akituomba radhi kwa sauti ya chini. Hakuwa na kosa. Tulifika uwanja wa ndege kukiwa bado na giza, na kaunta ya shirika letu ilikuwa haijafunguliwa, kwa hiyo hatukuweza hata kukabidhi mizigo. Tulikaa kwenye viti vya chuma tangu alfajiri hadi jioni. Mume wangu alilala ameketi, begi katikati ya miguu, kichwa kimeangukia kifuani, vilevile anavyolala kwenye kiti cha sebuleni akitoka zamu. Nilimtazama nikajua kwamba likizo yetu ilikwisha zamani. Ndege iliruka jioni, kwa saa ileile iliyoandikwa kwenye tiketi.

Nilipopiga simu kulalamika, mtumishi wenu alinipa majibu mawili. La kwanza ni kwamba tarehe ya kurudi haikubadilika, kwa hiyo hatukupoteza siku. Hoja hiyo siikubali. Tarehe ni maandishi. Tulichonunua ni mchana wa tarehe ile kando ya bahari, na mchana huo mliutumia kupunguza safari moja ya basi lenu. La pili ni kwamba ujumbe wote ule ulikusudiwa kutusaidia. Ninakubali kwamba msafiri anahitaji kujua saa ya basi na uzito wa mzigo, na ujumbe mmoja wa jioni ya kuamkia safari ungetosha. Dodoso na punguzo la safari ijayo havimsaidii msafiri aliye bado ufukweni, vinaisaidia kampuni.

Naomba msilichukulie jambo hili kuwa manung’uniko ya watu wasiotaka kurudi kazini. Mwaka 2010 mtafiti Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa watu zaidi ya 1,500 wa Uholanzi, wakaona kwamba waliokwenda likizo walikuwa na furaha zaidi kabla ya safari, lakini baada ya kurudi hawakutofautiana na waliobaki nyumbani, isipokuwa wale waliosema likizo yao ilikuwa tulivu sana. Hao ndio waliorudi na kitu. Utulivu, basi, ndio bidhaa mnayoiuza, nao ndio mlioutoboa kwa ujumbe wa kila asubuhi. Naye Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alionyesha pamoja na wenzake mwaka 1993 jinsi mwisho wa jambo unavyotawala kumbukumbu yake: watu walioweka mkono kwenye maji baridi sana kwa sekunde 60, na kisha mara nyingine kwa sekunde 60 zilezile zikifuatiwa na 30 za maji yaliyopashwa moto kidogo tu, wengi wao walichagua kurudia ile mara ndefu zaidi, kwa sababu iliisha kwa nafuu. Sisi mlitumalizia kwa viti vya chuma. Mtu akimuuliza mume wangu leo habari za safari ile, anaanzia uwanja wa ndege.

Kuna na jambo la haki. Kifungu cha 24 cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kinampa kila mtu haki ya kupumzika na kupata likizo zenye malipo kwa vipindi maalumu, na Mkataba Namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unaweka kiwango cha chini cha wiki tatu za kazi kwa mwaka. Wiki tatu kati ya 52. Hicho ndicho kiwango ambacho mataifa yaliyouridhia yalikubaliana, na wapo wengi wasiokipata. Mnapochukua mchana mmoja wa mtu wa namna hiyo, mnachukua kitu ambacho mwajiri wake hatamrudishia. Naona uchungu kwamba kampuni inayoishi kwa likizo za watu inaweza kuupima mchana huo kwa gharama ya mafuta ya basi.

Kwa hayo, ninadai mturudishie gharama ya siku moja kamili kwa watu wawili, pamoja na gharama ya usafiri wa basi, kwa sababu basi mliloleta silo tulilolilipia. Ninadai pia maelezo ya maandishi, yenye saini ya mhusika, kuhusu nani aliyeamua kutuunganisha na kundi lile na kwa nini hatukuombwa ridhaa. Wateja wengine mnaweza kuwatendea haki tangu sasa kwa kuweka kwenye programu yenu njia ya kukizima kile kisanduku cha kuhesabu saa, kwa kusubiri hadi mteja afike kwake ndipo mumtumie dodoso, na kwa kuandika kwenye tangazo saa ya kufika ufukweni na saa ya kuondoka badala ya kuhesabu siku ambazo nusu yake huishia barabarani. Kikao cha kuondoka kifanyeni karatasi moja, aisome anayetaka.

Nimeambatanisha nakala za mkataba, tiketi, na picha za ujumbe wote mliotutumia. Nitasubiri majibu ya maandishi kwa siku 21 kuanzia siku mtakapoipokea barua hii, na nisipoyapata nitalifikisha suala hili kwenye mamlaka inayosimamia mawakala wa usafiri. Fedha zirudishwe kwa njia ileile tuliyolipia. Mkihitaji ufafanuzi kwa simu, nipigieni mimi saa saba mchana, muda wangu wa mapumziko kazini. Namba ya mume wangu mnayo kwenye fomu, lakini ninaomba msimpigie mchana, kwa kuwa amerudi zamu ya usiku na saa hizo ndizo anazolala.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, kwa niaba yake na ya mumewe